Farasi aliyetulia na farasi aliyeganda si kitu kimoja

Mkuu mleta uzi, nimesoma uzi wako mara mbili pamoja na majibu yote yaliyotangulia. Kwa anayeingia sasa hivi, kisa ni hiki: jamaa ana farasi jike wa miaka 6, mwoga wa matandiko. Akaletewa mtu anayejiita fundi. Fundi akamfunga farasi kamba fupi kwenye nguzo, akampepea turubai mwili mzima mpaka mnyama akaacha kupigana, akasimama kama sanamu. Kazi imekwisha, akaambiwa. Siku 9 baadaye, mkanda wa tumbo ulipokazwa, farasi akalipuka, akamwangusha mpandaji, na tangu hapo akimwona mtu amebeba tandiko anakimbilia kona ya mbali. Mleta uzi anauliza mambo mawili: ni nini kilitokea, na je, bado anafundishika au amuuze?

Wengi mmemwambia farasi huyo ni mjanja, alijifanya ametulia kumbe anavizia. Wengine mmesema dawa ni mjeledi. Nawaheshimu wote, lakini farasi hapangi njama ya siku 9, na kumchapa mnyama mwenye hofu ni kummwagia mafuta mtu anayeungua. Kabla sijaendelea nikiri jambo: mimi nimewahi kuwa huyo fundi wa turubai.

Ni miaka 14 sasa. Nilikuwa na farasi dume aliyehasiwa, nikamwita Kusi kwa sababu alikuwa anavuma tu, hana breki. Alikuwa anagutuka kwa kila kitu: ndoo iliyopinduka, mtu anayevua koti, mlango uliobadilisha kivuli chake. Nami nilikuwa kijana mwenye haraka na kupenda sifa. Nikamfunga, nikachukua turubai, nikafanya yaleyale aliyofanyiwa farasi wako. Alipigana kama dakika 40. Kisha akasimama. Kichwa kikashuka kidogo, jasho likawa linadondoka tumboni, nikamfunika turubai mpaka masikioni asitikisike hata kidogo. Nikaita watu waje waone. Kati yao alikuwepo mzee mmoja aliyeanza kazi ya farasi kabla sijazaliwa. Alitazama kwa muda, hakunisifu, akauliza tu, "Kijana, umemwona akipepesa jicho?"

Nilicheka. Wiki iliyofuata nilikuwa nimelala chali, mtulinga umevunjika, na Kusi yuko upande wa pili wa uwanja akitetemeka, tandiko likining'inia chini ya tumbo lake.

Swali la yule mzee ndilo jibu la swali lako la kwanza. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Silaha yake ya kwanza ni miguu: anakimbia kwanza, kilichomtisha atakitazama baadaye kwa mbali. Ukimzibia njia ya kukimbia atapigana. Ukimzibia na hiyo, kinachobaki ni kuganda. Mwili unasimama huku ndani kunawaka. Wanaochunguza tabia za wanyama huiita hali hii unyonge wa kujifunza: mnyama amegundua kwamba lolote atakalofanya halibadilishi kitu, basi anaacha kufanya lolote. Farasi wako hakuzoea turubai. Alichojifunza pale kwenye nguzo ni kwamba kusema "hapana" hakumfai. Ndiyo maana mpandaji anaapa kwamba alilipuka bila onyo. Maonyo aliyatoa yote siku ile, hakuna aliyemsikiliza, akaacha kuyatoa.

Sasa utajuaje aliyetulia na aliyeganda, maana wote wawili wamesimama? Mimi naanza na jicho. Aliyetulia anapepesa, kope zimelegea, jicho linahama kutoka kitu hiki kwenda kile. Aliyeganda amekodoa lakini hatazami, na juu ya jicho utaona ngozi imevutwa ikafanya pembe kama ya pembetatu. Shuka mdomoni. Mdomo wa chini wa aliyetulia unaning'inia kidogo. Wa aliyeganda umebanwa, na kidevu ukikigusa ni kigumu kama kokwa. Masikio ya aliyetulia yanazunguka, moja huku moja kule, kama mtu anayesikiliza mazungumzo mawili. Anahamisha uzito, anapumzisha mguu mmoja wa nyuma, mara anashusha pumzi ndefu. Aliyeganda ameikita miguu yote minne, mkia umebanwa matakoni, pumzi fupi au huioni kabisa.

Kama bado una shaka, mwombe hatua moja tu. Moja. Aliyetulia ataitoa kwa uvivu, pengine akuangalie kwanza. Aliyeganda ama hatasikia kabisa, ama ataruka kama mtu aliyeamshwa kwa maji baridi. Hilo ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote, na ndilo linalokwambia usipande. Ukitaka uhakika zaidi pima mapigo. Farasi mkubwa aliyepumzika ana mapigo kati ya 28 na 44 kwa dakika. Tafuta mshipa unaopita ndani ya mfupa wa taya la chini, uubane taratibu kwa vidole viwili, hesabu sekunde 15 kisha zidisha kwa 4. Niliwahi kuletewa farasi "mpole sana, unaweza kumfanya chochote". Alikuwa amesimama kimya kabisa, na nilihesabu 72.

Lakini mkuu, usiende kumfundisha kesho. Kesho tafuta daktari wa mifugo. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kisa chako kina neno lililonishtua: alilipuka *mkanda ulipokazwa*. Farasi anayekasirikia mkanda, anayegeuza kichwa kutaka kuuma au kupiga teke tumbo unapoufunga, mara nyingi ana maumivu kabla hajawa na tatizo la tabia. Tumbo la farasi linatoa asidi saa zote, awe anakula au hali, kwa kuwa limeumbwa kwa mnyama anayetafuna nyasi kidogo kidogo sehemu kubwa ya siku. Mwache saa nyingi bila nyasi, mpe nafaka mara mbili kwa siku kana kwamba ni mtu, na vidonda vya tumbo vinakuja. Kwa macho huvioni, daktari ndiye atakayevitafuta. Akague na meno, kwa sababu meno ya farasi yanaendelea kuchomoza miaka mingi na kingo zake zinakuwa kali zikakata shavu. Akague mgongo, na kwato pia.

Tandiko likague mwenyewe. Mpandishe mpandaji kwenye farasi *mwingine* mwenye tandiko linalomkaa vizuri, halafu tazama jasho mgongoni linavyosambaa, ujue sawa inaonekanaje. Sehemu kavu katikati ya jasho inaweza kuwa sehemu inayobanwa. Nywele nyeupe zinazoota mahali pasipostahili ni alama ya kidonda cha zamani. Kusi alikuwa na mabaka mawili meupe nyuma ya mabega, upana wa vidole viwili. Mimi niliyaona kama urembo. Tandiko lilikuwa likimbana kila siku, nami kila siku nilimpiga kwa kukataa tandiko. Sijawahi kulisahau hilo.

Kitu kingine kinachopuuzwa ni maisha yake nje ya mafunzo. Je, anaishi peke yake? Farasi ni wa kundi, na mmoja akiwa peke yake anajilinda saa 24 bila wa kumpokea zamu. Anaweza kusinzia amesimama, ila usingizi ule mzito wa ndoto unamtaka alale chini, na halali chini mahali asipojiona salama. Tazama mbele ya vifundo vya miguu ya mbele. Ukikuta michubuko inayojirudia, yawezekana anazidiwa na usingizi akiwa amesimama, magoti yanakunjika, anaanguka na kushtuka. Mnyama wa namna hiyo ukimpeleka uwanjani unamfundisha aliyekesha.

Haya, daktari amemaliza, maumivu yametibiwa, tandiko limebadilishwa, ana mwenzake na nyasi. Sasa tuje kwenye kazi.

Wiki ya kwanza hakuna kazi. Nilipoanza upya na Kusi nilikuwa nageuza ndoo nje ya uzio, nakaa, nasoma gazeti. Saa nzima. Wenzangu walidhani jeraha la mtulinga limepanda kichwani. Siku ya 4 akaja kunusa gazeti. Sikumgusa. Kama ningeinua mkono, ningekuwa nimethibitisha alichokuwa anakijua tayari kuhusu watu: kwamba ukiwasogelea wanataka kitu.

Ukianza kumwendea wewe, usimwendee kwa mstari ulionyooka kama mdai. Farasi anaona karibu mduara mzima, kama digrii 350, ila ana doa la upofu mbele kabisa ya paji la uso na jingine nyuma ya mkia. Nenda kwa mshazari ukielekea bega. Tembea mpaka *akuone*, maana yake sikio na jicho vimekugeukia na mwili umekaza kidogo tu. Hapo simama. Usiongeze hata nusu hatua. Subiri kimoja kati ya vile vya aliyetulia: kope, pumzi, shingo kushuka. Kikija, geuka uondoke. Mgongo wako ukiondoka ndiyo zawadi yake, na haina gharama. Rudia. Mara ya 6 au ya 7 utaona ule mstari wa kusimama umesogea karibu wenyewe.

Hapa ndipo huwa naulizwa: "Sasa si unamfundisha kwamba akiogopa ataachwa? Si atakuwa amekushinda?" Ni swali zuri, na nililibeba miaka mingi kabla sijaelewa jibu lake. Sehemu ya kwanza ya jibu ni kwamba unaondoka *baada* ya yeye kulegea, hivyo kinacholipwa ni kulegea. Sehemu ya pili ni ngumu kumeza: ukikosea hesabu, ukasogea mno, akapandisha kichwa na kutaka kukimbia, ondoka vilevile. Usishikilie "mpaka atulie" wakati ameshavuka mpaka wake. Mnyama aliye katika hofu kubwa hajifunzi somo lako, anajifunza tu kukuogopa wewe uliyemshikilia. Rudi nyuma, kubali hasara, na safari ijayo simama hatua 3 kabla ya hapo. Kosa lilikuwa lako la kupima umbali. Hajakushinda kwa sababu hakuna mechi.

Na suala hilohilo la lini uachie ndilo linaloharibu watu wapole. Kuna wanaosikia "upole" wakadhani ni kutoomba kitu kabisa, wakabembeleza, wakavuta kamba kidogo, wakaachia ovyo. Farasi hajifunzi unapovuta, anajifunza unapoachia. Ukivuta kamba ya kuongozea taratibu naye akapandisha kichwa, ukaachia, umemfundisha kupandisha kichwa, na kesho atakipandisha vizuri zaidi. Ukisubiri na uzito uleule wa vidole viwili, bila kuongeza, mpaka atoe hata nusu ya kwato mbele, ukaachia papo hapo, amejua. Papo hapo maana yake kabla hujamaliza kusema "sawa". Nimeona watu wenye mioyo mizuri ajabu waliomchanganya farasi kuliko mkorofi mmoja mwenye mkono unaojua kuachia. Mkorofi simtetei, ila ukweli ndio huo.

Akishakubali mkono, usimpige makofi ya shingo kama tunavyoona watu wakifanya wakishinda mashindano. Mkune pale shingo inapokutana na mgongo, mahali farasi hukunana wao kwa wao. Mwaka 1993 watafiti waliochunguza farasi wa Camargue, Ufaransa, walipima na kukuta kuwa kukuna pale hasa kunashusha mapigo ya moyo, wakati kukuna sehemu nyingine hakukushusha. Kusi alikuwa anachomoza mdomo wa juu kama mkonga, akaanza na yeye kulikuna koti langu. Siku ya kwanza alipofanya hivyo nilikaa chini. Hilo nalo halina maelezo.

Kuhusu chakula kama zawadi: mimi natumia, ila kwa masharti. Kwanza natoa sauti moja ya ulimi, ileile kila siku, kwa maana ya "hicho ulichofanya sasa hivi ndicho", halafu ndipo kinafuata kipande kidogo cha karoti. Nampa kichwa kikiwa kimeelekea mbele, mbali na mfuko wangu, la sivyo baada ya siku 3 una jambazi anayekupekua. Na kuna mtego ambao hausemwi sana: njaa inaweza kumsogeza farasi kwenye kitu ambacho bado anakiogopa. Anakula, karoti ikiisha anagundua alipo, anaruka. Kwa hiyo zawadi ifuate utulivu, isitumike kama chambo cha kumvuta mahali ambapo mwili wake umekataa.

Sasa tandiko lenyewe. Kwetu tandiko ni kitu kimoja. Kwake ni vitu vingi vilivyofungwa pamoja: umbo linalokuja kutoka juu, harufu ya ngozi, mlio wa vyuma, uzito mgongoni, kitu kinachopapasa ubavuni, kisha kubanwa kifua. Kila kimoja kinahitaji siku zake. Nilianza kwa kuacha tandiko juu ya uzio, mbali, wiki nzima, nikawa namlisha nyasi akiwa analiona. Halafu kitambaa cha mgongoni peke yake, kimekunjwa kama kitabu, kinagusa bega na kuondoka. Halafu vyuma vinagongana mfukoni mwangu huku tukitembea. Uzito nilianza na mkono wangu tu, nikaegemea, nikaondoka.

Mkanda ndio uliochukua muda kuliko yote, na kwa farasi wako itakuwa hivyo. Usianze na mkanda wenye bizimu. Chukua kitambaa kirefu kipana, kizungushe tumboni, ushike ncha zote mbili mkononi. Vuta kidogo kama unavyofunga kanga kwa mtoto, hesabu mbili, legeza. Kwa kuwa kiko mkononi, unaweza kukiachia kabisa wakati wowote, na yeye anajua hivyo. Tulifanya hili dakika 10 kwa siku, mara 2 kwa siku, karibu mwezi. Kuna asubuhi nilikizungusha akageuza kichwa kutazama tumbo lake. Nikaachia, nikaondoka, siku hiyo ikaishia hapo. Farasi aliyekuwa amenyamaza alikuwa ameanza kusema tena "hapana" kwa sauti ndogo, na mimi nilitaka ajue kwamba sauti ndogo inatosha. Ukisikiliza jicho, hatahitaji kutumia mateke.

Fanya pande zote mbili. Kilichozoeleka kushoto kikitokea kulia kinaweza kuwa kitu kipya kabisa kwake, na hata kitu kilekile kikigeuzwa upande anaweza kukishangaa. Hiyo haimaanishi kichwa chake kimegawanyika vipande viwili visivyoongea, kama wengine wanavyodai. Kinaonekana tofauti tu, basi.

Kitu kilichonirudisha nyuma wiki ya 11 ni hiki. Siku moja Kusi alikataa kila kitu, hata kitambaa alichokizoea. Nilikasirika mpaka nilipokaa nikahesabu. Usiku ulikuwa na upepo mkali. Asubuhi fundi wa kwato alikuja. Saa 4 mwenzake wa zizi alihamishwa malisho. Halafu mimi nikaja na kitambaa changu. Hofu ya farasi ni haba na haba hujaza kibaba: kila kimoja peke yake angekivumilia, kwa pamoja kibaba kimefurika, na cha mwisho kinabeba lawama zote. Tangu hapo kabla ya kuingia naangalia siku ilivyokuwa, na zikiwa zimeshalundikana mbili tatu, tunatembea tu na kula nyasi. Mchunguze farasi wako siku ya mlipuko: nini kingine kilitokea asubuhi ile? Naweza kuweka dau hakikuwa mkanda peke yake.

Nawe mwenyewe umo ndani ya kibaba hicho. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden waliwaambia watu wanaoongoza au kupanda farasi kwamba wakipita mahali fulani mwavuli utafunguliwa ghafla. Mwavuli haukufunguliwa. Mapigo ya moyo ya watu yalipanda kwa kuusubiri tu, na ya farasi wao yakapanda nayo, ilhali farasi hawakuambiwa lolote. Zaidi ya miaka 100 iliyopita kule Berlin kulikuwa na farasi maarufu, Hans, aliyesifika kwa kujua hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akagundua kwamba Hans alikuwa anasoma mtikisiko mdogo sana wa kichwa cha anayeuliza, mtikisiko ambao muulizaji mwenyewe hakujua anaufanya. Watu waliona aibu kwamba farasi hajui hesabu. Mimi nilivyoisikia habari hiyo niliogopa: kama aliona hilo, mimi amekuwa akiniona nini? Kwa hiyo nikishika tandiko huku nikikumbuka mtulinga wangu, Kusi anajua. Siku za namna hiyo natoa pumzi mpaka iishe, nalegeza magoti, na kama haiji, naacha.

Kuna watakaokwambia akilamba midomo na kutafunatafuna amekubali. Si lazima. Mara nyingi ni mwili unaotoka kwenye mkazo kwenda kwenye ulegevu, mate yanarudi mdomoni. Ni habari njema kidogo, lakini inakwambia pia kwamba dakika iliyopita alikuwa kwenye mkazo. Jiulize ulimfanya nini.

Na wale wa kumkimbiza farasi kwenye uwanja wa mviringo mpaka achoke kisha akufuate, ndugu zangu, sitaki ugomvi, nimeona wenye mikono mizuri wakifanya kwa dakika 5 kwa utulivu. Lakini kwa farasi ambaye tayari aliwahi kuganda, kufukuzwa mahali pasipo na kona ya kutokea ni nguzo ileile, imepewa umbo la duara.

Usalama, haraka haraka: kofia ngumu hata ukiwa chini, kamba usiizungushe mkononi kamwe, usimfunge wakati wa mazoezi ya kitu anachokiogopa, usifanye peke yako, na watoto wakae nje ya uzio. Upole haumpunguzii kilo hata moja. Na kama ameshaanza kumvamia mtu, yaani anakuja mbele na masikio yamelala, acha, tafuta mtu mwenye uzoefu akuone ukiwa naye ana kwa ana. Mambo hayo hayafundishwi kwa maandishi.

Muda? Kusi tulianza upya mwezi wa 2, nikampanda mwezi wa 9, hatua 12 kuzunguka uzio na nikashuka. Farasi wako ni mdogo na hofu yake bado ni mbichi, pengine itakuwa haraka zaidi, pengine sivyo. Jua tu kwamba hofu ya zamani haifutiki. Unajenga kumbukumbu mpya juu yake, na ile ya chini inaweza kuchungulia mahali pageni, siku ya upepo, au baada ya mapumziko marefu. Kusi mpaka leo akisikia turubai likichapwa na upepo anasimama, ananitazama. Nami nasimama. Anapepesa, tunaendelea.

Swali lako la pili. Kumuuza ni haki yako na hakuna wa kukulaumu kama huna muda wa miezi, maana kazi hii ni ya kila siku, si ya wikiendi. Ila ukimuuza mweleze mnunuzi kila kitu, nguzo, turubai na mlipuko, kwa sababu akiwa mgeni ataonekana mpole kwa siku kadhaa na mtu ataumia. Ukibaki naye, anza na daktari. Halafu rudi hapa na picha mbili: mgongo wake ukiwa na jasho baada ya tandiko kutolewa (tumia za zamani ulizonazo, usimtandike kwa ajili ya picha), na uso wake akiwa amesimama zizini hajui unampiga picha. Tutazame wote jicho lile.